Yule Mfini na ukoko wa pilau

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikavaa na miwani, kana kwamba miwani husaidia masikio. Unauliza kama mumwache mjukuu wangu asimamishe chuo mwaka mzima azunguke na kundi la vijana wa mataifa, usiku wanaimba jukwaani, mchana wanajitolea, na kama ada wanayodai ni halali ya pesa yake. Umesema linafanana na lile la Denver tulipokuwa tukikaa kule, Up with People, na kwa kuwa tuliwahi kuwapokea vijana wao nyumbani, mimi ndiye wa kuulizwa.

Babako, Mungu amrehemu, angekujibu kwa historia. Angeanza 1965, onyesho lao la kwanza lilipotoka ndani ya Moral Re-Armament, wale waliotaka kuirekebisha dunia kwa kurekebisha tabia ya mtu mmoja mmoja. Angepita 1968, mwanzilishi wao Blanton Belk alipolifanya shirika la kusimama peke yake, kisha angefika pale alipopapenda: mara nne walizotumbuiza mapumziko ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, 1976, 1980, 1982 na 1986. Mpira wenyewe hakuuelewa mpaka tunarudi Mombasa. Na lazima angemtaja Glenn Close, yule muigizaji, kwamba ujanani alizunguka nao, na kwamba babake alikuwa daktari Kongo akimtibu Mobutu. Hilo la Mobutu alimsimulia yule Mmeksiko, mmoja wa wasichana wawili tuliowapokea, chakula cha jioni cha kwanza kabisa. Msichana wa watu katoka safarini, hajui Mobutu ni mtu au ni mboga.

Mimi yangu ni ya jikoni.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui umebaki na nini. Kabla ya ziara, vijana mia na zaidi walikusanyika kule wiki kadhaa kwa mazoezi, wakagawanywa majumbani mwa watu. Hawakuchaguliwa kwa sauti, walihojiwa tu, na yule wetu wa pili, Mfini wa Finland, akiimba bafuni ilikuwa dhahiri. Chumba chenu tuliwapa wao wawili, wewe na nduguyo mkalala godoro chini sebuleni. Mlifurahi, usije ukasema leo mliteswa.

Mfini siku ya kwanza alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikamwambia babako, huyu wetu. Akasema kwao ndivyo, watu hawaingii na viatu ndani. Basi si ndiyo wetu? Mmeksiko yeye tulimpatia kwenye chapati na maharagwe: alikunja, akajaza, akatafuna pilipili mbichi kama mtu anayetafuna tango. Babako akaona haya kushindwa na msichana, naye akatafuna. Machozi yakamtoka, akasingizia vitunguu ambavyo havikuwapo mezani.

Wiki hiyo ndiyo shangazi yako alikuja kutoka Toronto.

Jumamosi nilipika pilau. Wageni walikuwa wametoka benki ya chakula kupanga makopo, wamechoka, wakala vizuri. Shangazi yako akabaki mezani anangoja ukoko. Hakusema. Yeye huwa hasemi, hungoja, kwa sababu kwa bibi yako ukoko ulikuwa haki ya mtoto wa kwanza na hajawahi kuambiwa kuwa sheria ile imefutwa. Mimi nakusuka nywele. Nasikia maji jikoni, nasikia waya wa kusugulia. Kwenda, namkuta Mfini kakunja mikono mpaka viwikoni, uso mwekundu kwa mvuke, sufuria inang'aa kuliko siku tuliyoinunua, na ukoko wote, wote mwanangu, umo kwenye pipa la taka juu ya maganda ya ndizi. Akanipa pole kwamba wali uliungua chini, lakini nisijali, ameshautoa.

Shangazi yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Hawa ndio waliotoka kwao kuja kusaidia watu?"

Nilicheka. Usiku sikucheka tena, maana hakuishia hapo. Aliniambia watoto wangu wamelala chini kwa ajili ya watu waliolipa zaidi ya dola 10,000 kuja kuwalalia kitanda. Kwamba binti za kwetu huosha vyombo, huchota maji, hulea wadogo zao, na hakuna anayewapigia makofi wala kuwashonea fulana ya kujitolea. Kwamba mimi nina njaa ya kupendwa na wageni. Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Bado liko. Angelisema kwa kelele ningelisahau, lakini alilisema kwa upole huku akikunja leso yake.

Asubuhi babako, ambaye kunyamaza hakuwezi, akamweleza Mfini ukoko ni nini. Msichana aliiva kama nyanya. Tangu siku hiyo hakugusa chombo bila kukiinua kwanza na kuuliza: hii? Majani ya chai kwenye birika: hii? Mafuta yaliyobaki karaini: hii? Mpaka glasi ya maji nusu: hii? Nilichoka naye kwa kucheka. Jumamosi iliyofuata nikapika tena pilau, makusudi, nikauacha moto kidogo. Akaukwangua ukoko mwenyewe kwa mwiko, akaupanga kwenye sahani ya maua, akauweka mbele ya shangazi yako. Shangazi yako akala wote. Akasema haukukauka vizuri.

Ndiyo maana huniambii kitu kuhusu kuimba wala kuhusu kupaka rangi kuta za shule. Ugeni ni kazi, nimekuambia tangu unaolewa. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, na watu wote hulitazama jembe. Jembe rahisi, unalishika tu. Kazi ni zile siku mbili za mwanzo, unakaa kwa watu hujui kipi huliwa na kipi hutupwa, na kila unachokigusa kwa nia njema kina mwenyewe. Vijana wale wakiwa ziarani walifika mji mpya, wakashusha mizigo, wakafunga jukwaa, wakaenda kwa wazee au mashuleni, wakaonyesha, wakafungua jukwaa, wakahama. Kila mji mama mwingine, jiko jingine, pipa la taka jingine.

Lakini kabla hujanijibu nijijibu mwenyewe. Ugeni unanunuliwa? Mlete hapa kwangu likizo moja, nitamfanya mgeni bure, na Kiswahili chake kile cha kuokoteza watu wa mtaa mzima watamsaidia kumfanya mgeni. Nikisema hivyo nafsi inanirudia: hapa si mgeni, ni mjukuu. Akimwaga ukoko nitasema maskini mtoto hajui, nitampikia mwingine. Hapati kitu hapo. Tena nafsi inarudi upande wa pili: kwani shangazi yako alisema uongo? Watoto wa watu kweli hulala chini. Wenyeji hawalipwi, ada haifiki jikoni. Kila ninapomshinda shangazi yako kwa hoja hii, nalisikia lile neno lake la njaa, nakaa chini tena.

Jambo jingine ulikumbuke. Yule Mmeksiko hakulipiwa na wazazi. Alichangiwa na watu wa mtaani kwao, na alikuwa na daftari la majina, fundi cherehani, mwalimu, mwenye duka la dawa, na kila usiku kabla ya kulala aliandika kadi mbili tatu. Babako alipoliona daftari lile hakuhoji wala hakusimulia la Mobutu, alilifunga akalirudisha mezani kwa mikono miwili. Unajua mwenyewe aliondoka Mombasa vipi, harambee ya nani na nani, na nani walikuwa wakimkumbusha kila akija likizo. Mwanao atachangiwa na nani? Na wewe na mumeo. Basi kadi atamwandikia nani?

Na la pesa, kwa kuwa uliliuliza: mashirika haya huyumba. Hata lile la Denver lilisimama mwaka 2000 kwa shida ya fedha, likaanza tena baadaye. Hilo kundi lenu waulizeni kwa maandishi, ada ikishalipwa na safari ikavunjika, inarudi au hairudi. Waulize pia nani anamtazama mtoto akiugua katika mji asiomjua mtu, na kama wenyeji wa kumlaza wanachunguzwa. Sisi tulihojiwa na kukaguliwa, mpaka friji lilifunguliwa.

Sisemi aende. Sisemi asiende pia, na mkono unaniwasha. Ni mwanao, mmemlea nyinyi, na sitaki kesho niambiwe mama ndiye aliyesema. Ningekuwa mimi, nina hakika kabisa ninge... hapana. Mpe simu Jumapili baada ya alasiri aniambie mwenyewe anajua kupika nini na nguo zake hufuliwa na nani. Na tiketi ya kuja Mombasa Desemba nimeshaiulizia bei, mwambie.

Mamako