Usimtajie bei

Mmetuuliza wasomaji wiki hii: dalali akitoweka na fedha za gari, hasara ibebwe na nani, aliyeuza au aliyenunua? Mimi nilikuwa muuzaji. Jibu langu ni kwamba kila mmoja aibebe kwa kadiri ya maneno aliyoyasema, au aliyoyameza, kwa faida ya dalali. Sikulifikia jibu hilo kwa kusoma. Nilianza nikiamini sina kosa hata chembe.

Nilitangaza gari langu mtandaoni, picha sita na namba ya simu. Kesho yake akanipigia mtu mwenye sauti ya upole, akasema analitaka na haombi punguzo. Alikuwa na ombi moja tu. Gari lile atalitumia kumlipa deni mtu anayemdai, na huyo ndiye atakayekuja kulikagua. "Kaka, nisitiri. Usimtajie bei. Mimi naye tumekubaliana bei yetu, akisikia ya kwako deni litavurugika. Akikuuliza, mwambie mimi ni ndugu yako." Nikaona huyu ni mtu wa kati anayetafuta cha juu chake kama wengine wote. Nikakubali bila kufikiri mara mbili.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikwisha zinakili zile picha zangu na kuziweka katika tangazo lake, kwa bei ya chini sana kuliko yangu. Mnunuzi alipompigia, aliambiwa kwamba gari ni la kaka yake, kwamba huyo kaka anamlipa nalo deni, na kwamba ana uchungu nalo, hivyo asimguse kwa habari za bei. Tulipokutana, sote wawili tulikuwa tumekwisha kula kiapo cha kutosema jambo moja, na tulikula kwa mtu yule yule.

Mnunuzi alikuja Jumamosi na fundi wake. Fundi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena na kukiinua kwenye mwanga. Akalala chini kutazama kama kuna mahali panavuja. Akaisoma namba ya chasisi kwa sauti, tarakimu moja moja, huku mnunuzi akiifuata kwa kidole kwenye kadi ya gari. Walikuwa watu makini, nasema hivyo kwa sababu baadaye wengi walimcheka kwamba alikuwa mzembe. Walikagua kila kitu isipokuwa bei. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa adabu kabisa: "Huyu ninayeongea naye kwenye simu ni nani wako?"

Nikamjibu, "Ni ndugu yangu."

Alituma fedha palepale kwenye akaunti aliyopewa. Jina la akaunti halikuwa langu, na aliliona, lakini dalali alimwambia ni la mke wake. Mimi nikaletewa kwenye simu picha ya risiti ya benki yenye jina langu na kiasi changu kamili. Tukaandika mkataba wa mauziano. Tulipofika kwenye nafasi ya bei, tukatazamana, kila mmoja akamwonea mwenzake haya, tukaiacha wazi. Nikamkabidhi kadi na funguo zote mbili. Jumatatu asubuhi benki wakaniambia hakuna kilichoingia. Simu ya yule mtu ilikuwa imezimwa.

Niliripoti polisi saa ile ile. Gari likapatikana jioni, likashikiliwa kituoni kama kielelezo, na hapo ndipo mimi na mnunuzi tulipoanza kuitana mwizi. Yeye aliamini mimi na dalali tumemlia njama, kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba ni ndugu. Mimi niliamini yeye ndiye mshirika wake, kwa sababu nani hununua gari bila kumtajia mwenyewe bei? Kesi ya madai ilifunguliwa. Gari lilikaa uani pale kituoni miezi mitano. Nilikwenda kulitazama mara kadhaa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanashuka upepo, na vumbi la kioo cha mbele lilikuwa limeandikwa kwa kidole na mtu asiyejulikana. Safari mbili nilimkuta mnunuzi naye amesimama pembeni, amekuja kwa shughuli ile ile. Hatukusalimiana.

Sasa nieleze sheria nilivyoielewa, kwa sababu swali lenu linadhani jibu ni la upande mmoja.

Kanuni ya zamani, iliyotoka kwa Warumi, inasema mtu hawezi kumpa mwenzake asichokuwa nacho. Dalali asiye na gari hawezi kuuza gari. Nilipoisikia kwa wakili wangu nilidhani nimeshinda. Akaniambia nisubiri, kwa maana kanuni hiyo imetobolewa matundu mengi, na matundu yenyewe hufunguliwa na wenye magari. Akanipa mfano wa kesi ya Uingereza ya mwaka 1923, Folkes dhidi ya King. Bwana Folkes alimkabidhi gari wakala wa biashara na kumwagiza asiliuze chini ya pauni 575 bila idhini yake. Wakala akaliuza kwa pauni 340, akala fedha, na gari likapita mkono hadi mkono likamfikia King. Mahakama ya Rufaa ikasema gari ni la King. Folkes alimkabidhi gari wakala kwa hiari yake ili liuzwe; yale masharti ya bei yalikuwa siri yao wawili, na mnunuzi mwenye nia njema hafungwi na siri asiyoijua. Sheria ya Mawakala wa Biashara ya 1889 ndiyo iliyomlinda.

Kuna nyingine iliyonikaa rohoni zaidi, Pearson dhidi ya Rose and Young, ya 1951. Pearson alimpelekea gari mfanyabiashara wa magari ili amtafutie mteja. Kadi hakukusudia kuiacha. Yule mtu akaomba aione kidogo, kisha akazua dharura ya kumpeleka mkewe hospitali, na katika haraka ile Pearson akaondoka akiwa ameisahau. Gari likauzwa pamoja na kadi. Safari hii mwenye gari alishinda: alikubali gari likae kwa wakala, lakini kadi ilichukuliwa kwa hila, na kuuza gari la mitumba bila kadi hakuhesabiki kuwa uuzaji wa kawaida wa kibiashara. Karatasi moja ndiyo iliyomtenga Pearson na Folkes. Nilipoelezwa kesi hii niliikumbuka kadi yangu, niliyoikunja vizuri na kuitia kwenye bahasha kabla ya kuitoa.

Wajerumani nao wana mpaka wao: kitu kilichoibwa hurudi kwa mwenyewe, lakini alichokitoa mwenyewe kwa hiari kinaweza kupotea akikinunua mtu mwenye nia njema. Tarehe 18 Septemba 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya huko iliamua kwamba wauzaji waliompa mteja gari akalijaribu peke yake, naye akatokomea, walikuwa wamelitoa kwa hiari. Gari likabaki kwa mtu aliyelinunua baadaye bila kujua.

Ulaghai wetu ulikuwa wa aina nyingine. Dalali wetu hakuwahi kulishika gari wala kuiona kadi. Kule Brazili, ambako mahakama zimeshughulikia mashauri mengi ya namna hii, wanauita pigo la mtu wa kati. Wakili wangu alijenga hoja kwamba hapakuwa na mauziano kabisa. Mauziano lazima yawe na bei, na sisi tulikuwa na bei mbili vichwani, kila mmoja na yake, na nafasi tupu kwenye mkataba ndiyo ushahidi. Akaongeza kwamba hata wakala halali, aliyetumwa kuuza, si lazima awe ametumwa kupokea fedha. Mahakama za Uingereza zilikwisha lisema hilo tangu 1924 katika Butwick dhidi ya Grant. Anayemlipa wakala asiye na mamlaka ya kupokea anaweza kudaiwa tena na mwenye mali.

Hoja nzuri. Kisha wakili wa mnunuzi akasimama na kuniuliza swali moja: je, niliwahi kumwambia mteja wake kwamba aliyekuwa anaongea naye kwenye simu ni ndugu yangu? Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli ni ndugu yangu. Nikasema hapana. Akakaa.

Sitasahau kimya kile. Hapo niliona kesi kwa jicho la hakimu. Mtu ninayemtambulisha kwa mgeni kuwa ni ndugu yangu, katika gari ninalosema ni la kwangu, nimempa mamlaka, hata kama sijawahi kumtuma kitu. Sheria inaiita hali hiyo mamlaka ya kuonekana: ukimfanya mwenzako aamini kwamba fulani anasema kwa niaba yako, huwezi kuruka baadaye ukasema humjui. Mnunuzi naye alikuwa na lake. Alilipa kwenye akaunti ya mtu ambaye si mwenye kadi, na gari la bei rahisi mno halikumshtua vya kutosha. Mahakama kadhaa za Brazili zimegawa hasara nusu kwa nusu kwa sababu kama hizo, kwamba wote wawili walimsaidia tapeli bila kujua. Nyingine zimemwangushia mmoja, kulingana na nani alisema nini.

Sisi hatukufika kwenye hukumu. Hakimu alitupa nafasi ya kuzungumza, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mawakili wakiwa wamesogea kando. Mnunuzi akaniuliza, "Kaka, wewe ulikuwa unalitaka kwa bei gani?" Nikamwambia. Akafumba macho. Naye akanitajia ya kwake. Mazungumzo hayo hayakufika hata dakika mbili, na yangefanyika Jumamosi ile mbele ya boneti iliyo wazi, sote tungerudi nyumbani salama. Tukakubaliana gari libaki kwangu na nimrudishie nusu ya alichompa tapeli, kwa awamu nne. Nimekwisha malizia.

Jambo linaloniuma, na ambalo sioni likisemwa, ni jinsi cha juu kilivyotuandaa kudanganywa. Tumezoea kwamba mtu wa kati anaweka chake juu ya bei, kwamba muuzaji haulizi na mnunuzi haulizi, na kwamba anayeuliza ni mchoyo anayetaka kumnyima mwenzake riziki. Tapeli wetu hakulazimika kuvumbua kitu. Alituomba tufanye tuliyozoea kuwafanyia madalali wa kweli. Wako madalali waaminifu, nawajua, wanaokaa juani siku nzima kwa ajili ya asilimia yao, na hao hawahitaji tunyamaze. Malipo yao yako wazi kwa pande zote mbili. Ukimya humsaidia asiye mwaminifu peke yake.

Na sheria haikitambui cha juu cha siri hata kidogo, jambo ambalo watu wengi wanashangaa nikiwaambia. Wakala ana wajibu wa uaminifu kwa aliyemtuma. Mwaka 1903, katika Andrews dhidi ya Ramsay, dalali aliyeuza mali ya mteja wake alilipwa kamisheni ya pauni 50, kisha ikagundulika kwamba mnunuzi naye alimpa pauni 20 chini ya meza. Alilazimika kuzitoa zile 20, na zile 50 za halali pia akanyang'anywa, kwa sababu wakala anayekula pande mbili hana haki ya ujira wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikwenda mbele zaidi: kamisheni ya siri aliyoipokea wakala ni mali ya aliyemtuma tangu inapoingia mkononi mwake. Kwa hiyo hata dalali aliyekuuzia gari vizuri, akakuficha kwamba limeuzwa zaidi ya alivyokuambia, ile tofauti ni yako na unaweza kuidai.

Watu huniuliza kama nilipoteza kwa kuchelewa. Hapana, kuripoti mapema ndiko kulikoliokoa gari. Ipo kesi ya Bwana Caldwell, aliyeuza Jaguar yake tarehe 12 Januari 1960 kwa hundi iliyokataliwa na benki kesho yake. Alikwenda polisi na kwenye chama cha wenye magari siku hiyo hiyo, ingawa mnunuzi mwenyewe hakupatikana. Mahakama ilisema kitendo kile kilitosha kuuvunja mkataba, hivyo aliyelinunua gari baada ya hapo akalikosa. Angengoja wiki, habari ingekuwa nyingine.

Siku hizi mtu akija kwangu kutaka ushauri, namuuliza kwanza kama bei imetajwa wote watatu wakiwa mahali pamoja, au kwenye simu moja wakisikilizana, na kama fedha zinakwenda kwenye akaunti ya jina lililo kwenye kadi. Akianza kunieleza kwamba dalali ameomba jambo fulani lisisemwe, sihitaji kusikia zaidi.

Upelelezi wa kesi ya jinai bado unaendelea. Yule mnunuzi huwa ananipigia kila anaposikia kitu kutoka kituoni, nami humpigia. Jalada lile limetuandikisha sote wawili kuwa mashahidi, upande mmoja.