Betri za gridi: LFP "haziwaki", lakini gesi yake inalipuka

Mkuu mleta mada ameuliza mawili: kama betri ya MW 100 inaweza kuchukua nafasi ya mtambo wa MW 100, na kama ni kweli betri za LFP (zile za fosfati ya chuma) haziwaki. Naona wengi huko juu wamejibu "ndiyo" kwa yote mawili. Hapana kwa yote mawili, na la pili ndilo linaloua watu, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

La kwanza kwa kifupi. MW ni kasi ya kutoa umeme, MWh ni kiasi kilichomo. Betri ya MW 100 yenye MWh 400 inatoa nguvu zake zote kwa saa nne, basi. Hornsdale, betri ya gridi kule Australia Kusini, ilipowashwa mwaka 2017 ilikuwa MW 100 kwa MWh 129, yaani saa moja na ushee. Sifa ilizopata ni za kushika masafa (frequency) ya gridi ndani ya sekunde chache, si za kulisha mji usiku kucha. Na hata hizo MWh za kwenye karatasi huzipati zote: kuingia na kutoka kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa gridi) na transfoma kunakula kama asilimia 12 hadi 15, viyoyozi na pampu vinakula hata betri ikiwa imekaa tu, na seli (vijibetri vidogo vinavyounda betri nzima) huchakaa zikitumika na zisipotumika. Anayejua kazi huacha nafasi ya kuongeza makontena ya betri miaka ya mbele, na kebo na transfoma huzipima kwa mzigo huo tangu mwanzo.

Kuna kero moja ya LFP ambayo wauzaji hawaitaji. Kati ya takriban asilimia 20 na 80 ya chaji, volti ya seli karibu haibadiliki, inazunguka hapo kwenye 3.2 na 3.3. Kwa hiyo mfumo hauwezi kusoma chaji kwa kuangalia volti. Unahesabu mkondo unaoingia na kutoka, na kosa dogo la sensa linajilimbikiza siku hadi siku. Betri isipojazwa hadi juu kabisa mara kwa mara ili hesabu ianze upya, chumba cha udhibiti kinaona asilimia 30 huku seli dhaifu kwenye raki (kabati la seli) moja imeshafika chini. Raki inajikata yenyewe, nyingine zinabeba mzigo wake, nazo zinafuata. Inatokea jioni, wakati gridi inaihitaji.

Pia inveta haitoi mkondo mkubwa laini ikipigwa shoti. Jenereta ya kawaida inaweza kusukuma mara tano au sita ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Inveta nyingi zinaishia mara 1.1 hadi 1.5 tu. Rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru laini ikatwe) zilizosetiwa kwa enzi za jenereta zinaweza zisione hitilafu kabisa. Ukifunga betri bila kupiga upya hesabu za ulinzi wa laini, umehamisha tatizo tu.

Sasa moto. Seli ikipashwa, kuanzia kama nyuzi 80 hadi 120 utando mwembamba kwenye anodi (upande hasi wa seli) huanza kuvunjika na kutoa joto lake wenyewe. Karibu nyuzi 130 kitenganishi cha plastiki huanza kuyeyuka, pande mbili za seli zinagusana kwa ndani, na kuanzia hapo joto linajizalisha bila msaada wa nje. Kwenye seli za nikeli, manganizi na kobalti, kathodi (upande chanya) nayo hutoa oksijeni na mambo yanakwenda kasi. LFP inashikilia oksijeni yake vizuri zaidi, na hapo ndipo hadithi ya "haiwaki" ilipotoka. Lakini elektroliti ni ileile, kiyeyushi kinachoshika moto. Valvu ya seli inafunguka na ukungu mweupe unatoka. Watu wanauita moshi. Ndani yake kuna haidrojeni, kaboni monoksaidi, methani, ethilini na mvuke wa kiyeyushi, pamoja na floridi ya haidrojeni ambayo ni sumu. Kwa kuwa LFP mara nyingi haijiwashi yenyewe, gesi hiyo inajaa ndani ya kontena ikisubiri cheche. Haidrojeni peke yake inatosha kuwaka ikifika asilimia 4 ya hewa.

Surprise, Arizona, Aprili 2019: kontena la MWh 2 tu (na hilo halikuwa LFP). Dawa ya gesi ya kuzimia moto ilijimwaga kama ilivyopangwa. Dawa ya namna hiyo inaua mwali, haipozi seli. Joto likaendelea kuhama seli kwa seli na gesi ikajaa. Saa kadhaa baadaye wazimamoto walifungua mlango, na likalipuka. Walijeruhiwa vibaya. Beijing, Aprili 2021, kwenye kituo cha LFP, mlipuko uliua wazimamoto wawili.

Kosa la usanifu linalojirudia ni hili: kengele ya moto inazima feni na kufunga njia za hewa ili dawa isitoroke. Kwa chumba cha kompyuta ni sawa, kwa betri umejenga bomu. Sensa za haidrojeni na kaboni monoksaidi ziamuru kinyume chake: feni ziwake mapema, gesi ibaki chini ya robo ya kiwango cha kuwaka (kwa haidrojeni ni asilimia 1), na paneli za kupumulia mlipuko zielekee juu, si upande wa mlango. Halafu fuatilia waya wa feni mpaka mwisho. Mara nyingi utakuta inalishwa na ubao uleule unaokatwa na kitufe cha dharura.

Kipindi cha majaribio kabla ya kukabidhiwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Victorian Big Battery, Australia, Julai 2021, kimiminika cha kupozea kilivuja ndani ya kontena lililokuwa limezimwa kwa ufunguo, na ufuatiliaji wake haukuwa hewani. Upepo ukapeleka miali kwenye paa la kontena jirani. Kuzimwa hakuondoi chaji. Moss Landing, California, Januari 2025, ilionyesha upande mwingine: betri za MW 300 zilipangwa ndani ya jengo moja la zamani la turbini, hivyo hakukuwa na nafasi ya kuutenga moto, na zaidi ya watu 1,000 waliamriwa kuhama.

Maji yamwagiwe makontena jirani kwanza. Linalowaka huwezi kulifikia kwa ndani, na maji yanayotiririka yanahitaji bwawa la kuyakusanya. Moduli (mafungu ya seli) zilizoungua nusu zinaweza kubaki na volti za hatari na kuwaka tena baada ya siku kadhaa, kwa hiyo bajeti iwe na fungu la kuzitoa chaji na kuzisafirisha.

Mwisho, muuzaji akikwambia betri yake "imefaulu UL 9540A", muulize imefaulu nini. Kile ni kipimo cha jinsi joto na moto vinavyosambaa kwenye betri, kinatoa takwimu, hakina kufaulu wala kufeli. Dai ripoti yenyewe, ngazi ya seli, moduli na kontena zima, na uangalie kurasa mbili: seli moja inatoa lita ngapi za gesi na mchanganyiko wake ni upi. Kisha mpe mhandisi wa feni namba hizo kabla hujasaini.