Saitama, Mob na mimi fundi wa ofisi

Ofisini kwetu mimi ndiye "fundi". Printa ikikwama, naitwa. Faili la mishahara likigoma kufunguka, naitwa, hata nikiwa msibani. Miaka ya mwanzo nilitembea kifua mbele. Ulipofika mwaka wa nane, mikono ilikuwa inatengeneza huku akili ikiwaza mboga ya jioni.

Ndipo nikakutana na Saitama, shujaa wa katuni ya Kijapani One Punch Man, nikajiona. Jamaa alipiga pushapu 100, sitapu 100, akachuchumaa na kuinuka mara 100 na kukimbia kilomita 10, kila siku kwa miaka mitatu, hadi nywele zikaisha. Sasa kila zimwi linakufa kwa ngumi moja, naye anabaki na uso wa mtu anayesubiri daladala. Mashabiki wengi husema anachohitaji ni adui wa saizi yake. Mimi sikubali. Mtazame anapocheza gemu na King, yule ambaye watu wote wanamwogopa kumbe hajui hata kupigana. King anamchapa raundi baada ya raundi, na Saitama anapandwa na hasira kama mtoto. Hapo ndipo uso wake unapoingia damu: anachohitaji ni mahali anaposhindwa.

Mob, mvulana wa shule katika katuni ya Mob Psycho 100, kazi ya mtunzi huyohuyo anayejiita ONE, alilijua hilo mapema. Ananyanyua vitu vizito kwa nguvu za akili tu, lakini shuleni aliikataa klabu ya telepathia (kuwasiliana kwa mawazo tu) akaenda klabu ya mazoezi ya mwili, ambako anakimbia hadi anazimia. Na aliyemwambia kwamba kipaji chake ni kama cha mtu mwenye mbio au mchekeshaji ni Reigen, bosi wake, tapeli asiye na nguvu zozote!

Kama nawe watu wanakuita kwa kazi yako kuliko jina lako, usiache kazi. Tafuta mahali unaposhindwa, tena pawe mbali na fani yako. Mimi nilikosea hapo: nilianza na darasa la kuandika programu za kompyuta, na wiki ya pili nikawa nawafundisha wenzangu.

Nikahamia kuogelea. Nina miaka 38 na nilikuwa nazama kama jiwe la kusagia. Kuna binti wa miaka tisa hivi, kwanza huniamkia, "Shikamoo anko," kisha hunionyesha namna ya kutoa pumzi majini. Habari za printa hazijui. Jumamosi iliyopita nilifika nusu ya bwawa, akanipigia makofi.