Re: Mombo–Lushoto–Irente–Mtae kwa gari dogo, inawezekana?

Habari ndugu. Umeuliza kama gari dogo la kawaida litamudu Lushoto, Irente na Mtae, huko milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa siku moja.

Lushoto litafika. Kutoka Mombo ni lami, kilomita 33 hivi, ila nyembamba na kona hazikuonyeshi anayekuja. Anza na breki, zikaguliwe kabla hujatoka nyumbani. Kupanda hakuna shida, hatari ni kushuka. Mara ya kwanza niliteremka nikikanyaga breki mfululizo. Nakaribia Mombo, pedali ikalegea na harufu ya kuungua ikajaa garini. Niliogopa sana, watoto walikuwa nyuma. Siku hizi nashuka na gia ya 2 na kupiga honi kila kona kali.

Njiani kabla ya Lushoto, ukifika mji mdogo wa Soni simama, maporomoko ya maji yako kandokando ya barabara. Irente nenda asubuhi au jioni: unasimama ukingoni mwa mlima, chini kabisa ni Mazinde na tambarare za Umasai. Usiiharakishe.

Mtae, kijiji kilicho mbali zaidi ya Lushoto, ipangie siku yake. Nimefika mara moja tu, kiangazi, kwa gari la juu, na sehemu kubwa niliyopita ilikuwa udongo. Kwa gari la chini wakati wa masika, mimi nisingeenda.