Kabla Hujakubali Kuingia Bodi ya Shule

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia kwamba wazazi wenzake wamempendekeza aingie bodi ya usimamizi ya shule ya msingi ya umma wanakosoma wanawe, naye anauliza iwapo kazi hiyo ina maana yoyote. Nilihudumu katika bodi kama hiyo hapa Nairobi kwa kipindi kimoja cha miaka mitatu, na swali lake limenigusa mahali ambapo bado pananiuma.

Nilipochaguliwa niliamini kwamba nimepewa mamlaka juu ya walimu. Katika mkutano wa kwanza nilidai mwalimu wa Gredi ya Nne ahamishwe. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwa upole kwamba walimu huajiriwa na kuhamishwa na TSC, yaani tume ya taifa inayosimamia walimu, ilhali bodi huajiri mpishi, bawabu, karani na wale tunaowaita walimu wa bodi, ambao mishahara yao shule hujitafutia yenyewe. Jioni hiyo niliisoma Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuomba kura ya mtu yeyote. Humo nilikuta kwamba wajumbe sita huwakilisha wazazi na watatu humwakilisha mfadhili, ambaye kwa shule nyingi ni kanisa, huku walimu, bodi ya elimu ya kaunti, makundi maalum na watu wenye mahitaji maalum wakipata mjumbe mmoja mmoja. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Hakuna upande wenye viti vingi kuliko wazazi, na bado ni sisi tuliokuwa tukinyamaza.

Mwaka wa kwanza ulipita kwa chai na mandazi. Katika mwaka wa pili tuliidhinisha malipo ya madawati 40, nami nikatia sahihi kwa kuwa fundi alisemekana kuwa amekwisha kuyaleta. Wiki mbili baadaye binti yangu alirudi nyumbani na sketi iliyochanika kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, akasema imeraruliwa na msumari wa dawati jipya. Kesho yake nilikwenda shuleni nikapita darasa kwa darasa, nikahesabu madawati 28 ya mbao mbichi, misumari ikiwa imechomoza chini ya viti. Sahihi yangu ilikuwa kwenye karatasi zile, na hadi leo siwezi kumlaumu mtu mwingine kabla ya kujilaumu mwenyewe.

Niliuliza kuhusu madawati yale katika mikutano mitatu mfululizo. Fundi aliyaleta yaliyosalia, lakini muhula wangu ulipokwisha niliitwa mchochezi mbele ya wazazi niliokuwa nikiwatetea, na jina langu halikupendekezwa tena. Jambo hilo liliniumiza kuliko nilivyowahi kukiri kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kubali, lakini usitie sahihi juu ya kitu ambacho hujakiona kwa macho yako. Sheria imeikabidhi bodi jukumu la kupokea fedha za shule na kuzitolea hesabu, kutunza mali yake, kuhakikisha kuna majengo ya kutosha na kuamua kesi za nidhamu za wanafunzi, na yote hayo hufanyika kwa jina lako hata ukiwa umekaa kimya. Wazazi wengi husema elimu ni ya bure tangu 2003 na kwa hiyo hawana la kuuliza. Shilingi 1,420 ambazo serikali hutenga kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ni kodi yetu, na ni kwa sababu ni chache ndiyo maana kila moja inapaswa kuulizwa ilikokwenda. Omba vitabu vya hesabu katika mkutano wa kwanza kabisa, usisubiri kuzoeana na watu, kwa maana ukishazoea chai yao utaona haya kuuliza. Kisha nenda ghalani ukahesabu, uende na mzazi mwingine, na mwandike idadi mliyoikuta pamoja na tarehe, jambo ambalo mimi sikulifanya hadi sketi ya mtoto ilipochanika.