Kulungu kwa upinde: mwisho mita ngapi?

SWALI: Uwanjani napata shabaha mita 50. Je, porini nimpige kulungu kwa umbali huo?

JIBU: Hapana. Eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 hivi. Weka shabaha ya ukubwa huo, vaa koti la kuwindia, funga ncha zenye makali, upige mshale mmoja tu kabla misuli haijapata moto. Rudia siku kadhaa. Umbali usiokosa kamwe ndio kikomo chako. Porini punguza zaidi. Hatari kubwa ni mnyama kusogea: mshale wa mita 85 kwa sekunde hufika mita 40 baada ya karibu nusu sekunde, ilhali mlio wa uzi hutangulia, naye huchutama. Kainua kichwa, masikio wima? Mwache, hata akiwa mita 20.