Maji Yakijaa Jinja: Mwache Rafiki Yako Aseme "Naogopa"

Masika yakikolea, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, tunakuja Jinja Jumamosi, tuko watano, tutafutie kayaki." Wengine hutoka Kampala, wengine Kisumu, na binamu yangu hupanda basi la usiku kutoka Nairobi. Mimi nimekulia Walukuba, na huu ni mwaka wa tisa nikipiga kafi kwenye Nile kwa kayaki, kiboti chembamba cha kuketi ndani. Nawapenda sana wageni hawa. Ndiyo maana naandika haya kabla hawajafunga mizigo.

Kwanza tuyaelewe maji yenyewe. Mashauri mengi ya kayaki yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako mito hujaa Mei na Juni kwa sababu theluji ya milimani inayeyuka. Huko jua la mchana hupandisha mto kwa saa chache, na maji yake ni baridi ya kukata pumzi. Nile ya Jinja haina tabia hiyo. Inatoka Ziwa Viktoria, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Ziwa kubwa namna hiyo hujaa taratibu na kupungua taratibu. Mei 2020 lilipanda mpaka likaivuka rekodi ya mwaka 1964, na waliokuwa wakiishi kandokando yake hawajasahau.

Lakini kati ya ziwa na sisi wapiga kafi kuna mabwawa. Nalubaale lipo tangu 1954, Kiira likajengwa kando yake, kisha Bujagali likazinduliwa 2012. Kwa hiyo maji utakayoyakuta siku fulani yanategemea kiasi kilichofunguliwa huko juu, hata kama kwako hakujanyesha tone. Nimewahi kuingia mtoni saa tatu asubuhi jiwe moja likiwa limetokeza kama mgongo wa kiboko, nikapita tena saa nane mchana nisilione. Siku hizi nikifika ukingoni huchomeka kijiti pale maji yanapoishia, halafu natayarisha vifaa bila haraka. Nusu saa baadaye kijiti kinaniambia kama mto unapanda au unashuka. Kisha nawauliza waliokuwepo jana: wavuvi, vijana wa maboti ya mpira, kina mama wanaochota maji.

Usitegemee pia maelezo ya zamani. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyaheshimu kama makao ya mizimu, yamelala chini ya maji ya bwawa. Bwawa la Isimba lilipozinduliwa 2019, huko chini nako maji yalipanda na kumeza sehemu ya mikondo tuliyoizoea. Mtu aliyepita hapa miaka kumi na tano iliyopita anakusimulia mto mwingine. Naumia kuandika hivyo, maana nilijifunzia kwenye maji ambayo hayapo tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwezi Mei mmoja tulikuwa wanne. Mmoja wetu, mwalimu wa shule ya msingi na rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa amejifunza kupinduka na kujiinua kwa kafi, lakini kwenye maji yaliyotulia tu. Asubuhi ile nilimuuliza mbele ya wenzetu, "Uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa kabisa." Tukacheka, tukaingia.

Katika mkondo wa pili alipinduka. Alijaribu kujiinua mara mbili, akashindwa, akavuta sketi ya kayaki, kile kitambaa kinachofunika tundu la kukalia, na kutoka. Katikati ya Nile hilo si balaa. Maji ni mengi, ya kina kirefu na yenye joto, na mara nyingi mtu akiwa na jaketi la kuelea hupelekwa mpaka chini ya mkondo akaibukia penye utulivu. Tatizo ni kwamba mto ulikuwa umejaa, umevuka kingo za kisiwa kimoja, na miti ya pale ilikuwa imesimama ndani ya maji. Mkondo ukamvuta huko. Maji hupenya katikati ya matawi, lakini mtu hapenyi. Anakandamizwa hapo, na nguvu inayomkandamiza haichoki.

Alidaka tawi kifua kikiwa juu, na hilo ndilo lililomwokoa. Binamu yangu alikuwa na mfuko wa kamba kiunoni. Alipanda ukingoni, akarusha, ikamkosa. Akaikunja, akarusha tena, ikafika. Tulipomtoa alikuwa amepoteza kiatu kimoja, mikono imechubuka, na hakusema neno kwa muda mrefu.

Jioni, mbele ya chai, ndipo alipofungua moyo. "Niliogopa tangu asubuhi," alisema. "Lakini ninyi wote mlikuwa mnacheka. Ningesemaje?"

Kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza swali lenye jibu moja tu. Unapomuuliza mtu mbele ya marafiki zake kama yuko sawa, umemwomba aseme ndiyo. Tangu siku hiyo nazungumza na kila mmoja pembeni, kabla ya kuvaa helmeti, na simuulizi kama yuko sawa. Namuuliza, "Leo ungependa kupita wapi kwa miguu?" Swali hilo linachukulia kuwa kila mtu ana mahali atakapopita kwa miguu, na mimi ndiye ninayetaja pangu kwanza. Pangu ni Itanda, penye maporomoko makali. Nikiwa na kundi la marafiki na mto umejaa, kayaki yangu inapanda begani pale, na wote wananiona.

Kubalianeni pia, mkiwa bado nchi kavu, nani atasema "leo basi". Awe mmoja, na asibishiwe. Ishara nazo zijulikane: kafi likisimamishwa wima ni njoo, likishikwa mlalo juu ya kichwa ni simama, filimbi mara tatu ni hatari. Makelele ya maji humeza sauti ya mtu hata akiwa hatua kumi kutoka kwako.

Ukitoka kwenye kayaki, lala chali, miguu mbele na juu ya maji. Usijaribu kusimama kabla mkondo haujakuachia, kwa sababu mguu ukinaswa kati ya mawe, maji hukusukuma uso chini. Lakini ukiona miti mbele yako, sahau kulala chali: geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu zako zote kwenda pembeni, na kama huwezi kuikwepa, jirushe juu ya shina kifua kwanza. Haya tuyafanyie mazoezi kwenye maji tulivu, mwili uyajue kabla akili haijaulizwa.

Vijito vya pembeni, vile vinavyozunguka visiwa, viacheni wakati wa mafuriko. Vinaonekana vipole kuliko mkondo mkuu, kumbe ndimo miti na mawe yalimo. Na kuna wanaoniuliza kuhusu mito ya Rwenzori. Masika nawakatalia. Kule hakuna ziwa la kupooza mvua. Mto Nyamwamba uliposhuka Mei 2013 ulileta mawe makubwa na kuharibu nyumba na hospitali huko Kilembe. Mto wa namna hiyo hupanda wakati wewe bado unafunga kamba za jaketi.

Jambo la mwisho wageni hulisahau wakishakausha nguo. Nile na ziwa vina kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi bila wewe kuhisi, hasa kwenye maji yaliyotulia kandokando, palepale tunapopumzika na kupiga picha. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kuimeza siku unayorudi nyumbani hakutoshi. Subiri wiki sita hadi nane, nenda kituo cha afya, mweleze daktari kwamba uliogelea Nile, upimwe. Binamu yangu namkumbusha kwa simu kila mwaka, na kila mwaka alikuwa amesahau.

Yule mwalimu alirudi mtoni baada ya miezi minne. Tulitumia siku mbili nzima kwenye maji tulivu chini ya mkondo mmoja mdogo, akipinduka na kujiinua mpaka jioni. Siku ya tatu tulifika kwenye mkondo ule wa pili. Aliuangalia kwa dakika kumi hivi, akasema, "Huu napita kwa miguu." Nikashika mbele ya kayaki yake, akashika nyuma, tukapita kwenye shamba la mahindi, tukaweka tena majini upande wa chini.